Maji ya Kwanza ya Danzi

Mapendo mwanangu,

Nimekaa kwenye kitanda chako na daftari lako la hesabu, nimechomoa karatasi za katikati ambazo hukuziandika kitu. Wewe uko kanisani, wanakwaya wenzako wanakuaga, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachilia mpaka jua lipungue. Kwa hiyo nina nafasi. Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Lodwar, chuoni, na mimi nina jambo moja ambalo mdomo wangu umelikataa kwa miezi. Najaribu kuliandika.

Habari za kufunga mlango, za kuchagua marafiki, za kutolala na simu sikioni, hizo naziruka. Umezisikia mpaka unaziigiza kwa sauti yangu, ukidhani sisikii. Nasikia.

Naanza na litakalokukasirisha, ili hasira ipoe kabla hujafika mwisho. Zile chupa mbili ulizozifunga kwa kitenge ukazificha chini ya viatu ndani ya begi, nimezitoa. Nilikuwa natia taulo, mkono ukazigusa. Nimefungua, nimenusa, nimejua ni maji ya kwanza, tena umeyaacha yakakolea kuliko nilivyowahi kuyatengeneza mimi. Nimeyamwaga pale kwenye mwarobaini. Jirani yetu Nyakuoth alikuwa nje anamsuka binti yake, akaacha kusuka. Katika kambi hii mtu hamwagi maji mchana kweupe watu wakimwona.

"Mama Mapendo, wewe mgonjwa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

Sasa nianzie nyumbani, kwa sababu kosa langu lilianzia huko ingawa nililifanyia hapa. Bibi yako, mama yangu, hukumjua. Alikuwa na mdanzi nyuma ya jiko kule Uvira, mti wa miiba, matunda yake mazuri kwa macho na machungu kwa ulimi hata watoto wezi wa matunda walikuwa wanauruka. Kwa mti huo alitibu mtaa mzima. Majani aliyachemsha kwa watu wasiopata usingizi na kwa wajawazito wenye mashaka mengi. Maua aliyakausha kidogo tu, akawapa wazee wanaoshtukashtuka. Maji ya tunda aliyachanganya na chumvi kwa kikohozi. Na maganda, hayo ndiyo yalikuwa dawa yake kubwa, kwa tumbo lililojaa hewa na kwa mtu aliyepoteza hamu ya chakula baada ya homa.

Maganda hayo aliyaanika kivulini, si juani, na yakikauka aliyaroweka. Asubuhi alimwaga maji ya kwanza kwenye mgomba. Akaroweka tena, akamwaga tena. Ya tatu ndiyo alichemsha akampa mgonjwa, kikombe kidogo, si kikubwa. Na kabla ya kumpa alimwuliza maswali mpaka mgonjwa anachoka: umekula nini, unameza nini kutoka hospitali, moyo wako unakwenda vipi ukipanda mlima. Mimi nilikuwa msichana wa kukimbizwa kuchota maji, na niliona maswali hayo ni umbea wa mtu mzima. Siku moja nilimwuliza kwa nini anamwaga ya kwanza na ya pili. Alisema, "Ile haiko ya mutu." Basi, sikuuliza zaidi. Kule maji yalishuka mlimani usiku na mchana, ziwa lilikuwa mbele yetu, na kumwaga ndoo mbili hakukuwa na maana yoyote. Niliichukulia kama desturi ya usafi, vile unavyosuuza mchele.

Halafu nikafika Kakuma, kwenye kambi hii ya wakimbizi, nikiwa nimekubeba mgongoni.

Wewe umekulia kwenye foleni ya bomba, huwezi kujua ilivyo kwa mtu aliyetoka kwenye maji. Wiki ya kwanza nilimwona mwanamke anapiga magoti kukinga matone yaliyokuwa yanavuja chini ya mtungi wa mwenzake. Nilicheka, Mungu anisamehe. Mwezi haukuisha nami nilikuwa napiga magoti. Nilijifunza kuosha vyombo kwa maji niliyokuogeshea wewe, na maji ya vyombo nikayapeleka kwenye mchicha wangu uliokufa hata hivyo. Kwa hiyo siku nilipopata maganda ya danzi kwa mara ya kwanza, nikayaroweka, nikaamka asubuhi na bakuli la maji ya rangi ya chai mbele yangu, mkono ulikataa kuyamwaga. Nilisimama mlangoni na lile bakuli. Nikawaza vile nilivyosimama kwenye foleni kuyapata. Nikasema, mama alikuwa na mto, mimi sina mto. Nikayanywa.

Yalikuwa makali. Yaliniamsha mwili mzima, nikafua, nikafagia, nikaenda kwenye mgao wa chakula nikasimama saa zote zile bila kuona uchovu. Nikadhani nimegundua kitu ambacho mama yangu alikuwa anakimwaga kwa ujinga. Naomba usome hapo taratibu, mwanangu, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo. Nilimwona mama yangu mjinga kwa sababu ya shida yangu mwenyewe.

Ndivyo lilivyozaliwa jina hilo ambalo wewe umelikuta kama jina la ukoo. Maji ya kwanza. Watu wa kwetu, Warundi, Wasudani, hata Waturkana wa mjini, wote wakawa wanakuja mlangoni. "Mama, ile ya kwanza, siyo ile ingine." Mtu aliyechoka alipata nguvu, mtu mwenye tumbo zito alipata nafuu, na mimi nilitembea katikati ya kambi hii kichwa juu. Nilipewa heshima ambayo sikuwahi kupewa nyumbani. Sare zako zilitoka humo, viatu vyako vilitoka humo, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kukueleza.

Sasa nakuja kwa Mzee Ekal.

Unamkumbuka kwa ile kofia yake ya manyoya na vicheko vyake. Lakini hujui tulivyokutana. Alikuwa na shamba dogo kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar, na zamani mtu fulani alimpandia michungwa ya kupandikizwa. Ukame ukaja, sehemu ya juu ya miti ikafa, halafu mvua iliporudi ikachipua kutoka chini. Yeye akashangilia kwamba michungwa yake imefufuka. Ilipozaa, hata mbuzi walikataa. Hakujua kwamba shina la chini lilikuwa mdanzi tangu mwanzo na chungwa lilikuwa limebandikwa juu yake tu. Alikuwa ameshanoa panga kuikata nilipopata habari kwa dereva mmoja wa lori. Nikamtumia neno asikate. Mara ya kwanza alipokuja na gunia, alilitua hapo mlangoni akaniangalia kwa huruma.

"Ejok, mama," akanisalimu kwa Kiturkana. "Hii matunda ni mbaya sana. Wewe unataka ya nini? Umekosana na nani?"

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wangu. Kila alipokuja Kakuma alikuja na mkewe Akiru, na Akiru alikuja na kibuyu cha maziwa kwa ajili yako, akakukalisha mapajani na kukuhesabia shanga zake kwa Kiturkana mpaka ukazijua zote. Mimi sina dada hapa. Yeye alikuwa dada yangu. Aliposikia umepata nafasi chuoni hakusubiri niombe, alisema nyumba yake ndiyo nyumba yako, kwa kuwa tangu mzee afariki inamlilia masikioni.

Mwaka uliopita, kabla ya Krismasi, mzee alikuja bila gunia. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, mkono umeshika kifua, akasema kinabana akitembea. Hospitali ya Lodwar walikuwa wamempa vidonge vya presha na vingine vya moyo. Alivitoa mfukoni akanionyesha, kwenye karatasi ya kaki. Akaniuliza waziwazi, na kila neno lake ninalo.

"Mama Mapendo, hii ya hospitali na ile maji yako ya kwanza, mimi nakunywa zote mbili? Haiwezi gombana kwa tumbo?"

Mapendo, mtu huyo aliuliza. Hakunificha kitu. Aliniletea lile swali ambalo bibi yako alilazimika kuwavuta watu kwa nguvu ili walijibu, na mimi nilicheka. Nikasema, "Mzee, hili ni tunda tu. Tunda linagombana na nani?"

Nilimpa chupa sita. Zawadi, kwa sababu ya urafiki wetu.

Baada ya siku chache Akiru alinipigia kwa furaha: mzee ameamka, mzee anakwenda shambani kabla ya jua. Siku chache tena akapiga, sauti imeshuka kidogo. Alisema, "Usiku moyo yake inakimbia. Mimi naisikia hata nikilala upande ingine." Nami nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba hiyo ni dawa inafanya kazi, inafukuza ugonjwa, aongeze kikombe cha jioni asiache. Nilisema hivyo nikiwa nakoroga uji, simu nimeibana begani. Sikuacha hata mwiko.

Akaongeza. Siku ya nne alianguka shambani, chini ya midanzi ile ile, na Akiru alipomfikia alikuwa ameshakwenda. Watu walisema ni jua. Lodwar jua linaua watu kila siku, nani angebisha? Nilipopata kibali cha kutoka kambini kwenda kumpa pole walikuwa wameshamzika. Akiru alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akasema mume wake alimaliza siku zake na nguvu kwa sababu yangu, kwamba bila maji yangu angekufa kitandani. Wanawake wote waliokuwa pale walinitazama kwa shukrani. Nikainamisha kichwa nikazipokea.

Wakati ule sikuwa najua. Nataka unielewe hapo, ingawa sitegemei inisaidie. Nilijua baadaye, nilipokuwa nimeshapokea.

Kilichonijulisha ni moyo wangu mwenyewe. Baada ya Pasaka nilianza kuusikia unapiga shingoni nikiwa nimekaa. Nikaenda zahanati. Yule daktari kijana, mtu wa Kitale, alinifunga mashine mkononi, akaifungua, akanifunga tena mkono wa pili. Aliniuliza nakunywa nini. Nikamwambia chai. Akaniuliza tena. Nikamtajia dawa yangu kwa majivuno, maana nilidhani atataka chupa. Aliweka kalamu chini.

"Mama, maganda ya danzi? Unaroweka, halafu unakunywa yale maji yenyewe?"

"Ya kwanza," nikasema. "Yenye nguvu."

Hakunikemea. Heri angenikemea. Alinieleza polepole kwamba katika ganda la danzi kuna kitu kinachosukuma moyo na kupandisha presha, kwamba kikiwa kidogo mwili wenye afya unakibeba, na kikiwa kingi unashindwa. Akasema pia kuna vidonge vya moyo na vya presha visivyopatana kabisa na tunda hilo, mtu akichanganya, dawa inakaa kwenye damu kupita kiasi au moyo unavutwa huku na huku. Akasema mtu wa presha asiliguse bila kuuliza. Nilimwuliza, kama kwamba ni habari ya kupita tu, mzee mwenye vidonge hivyo akinywa vikombe vitatu kwa siku itakuwaje. Alinitazama.

"Kuna mtu amekunywa?"

Nikasema hapana.

Hiyo ndiyo dhambi yangu ya pili, na kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza niliifanya kwa kutojua na kwa kiburi. Hii niliifanya nikiwa na akili timamu, nimekaa kwenye benchi, taa inawaka.

Sijui kwa hakika kilichomuua Mzee Ekal. Hakuna aliyempasua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kabla yangu, na inawezekana angekufa hata hivyo. Nimejiambia hivyo kila siku tangu Pasaka, na kila siku hayo maneno yanasimama kwa muda mfupi tu halafu namsikia anauliza kama haiwezi kugombana kwa tumbo.

Ukafika wakati wa mimi na wewe. Niliacha kutengeneza maji ya kwanza, nikawa nawapa watu ya tatu tu, nikakuambia madanzi yamekuwa machache. Wewe si mtoto wa kudanganywa hivyo, umezaliwa na mimi. Ukaona maganda kwenye gunia juu ya kabati. Ukasema, "Mathe, kwani umeogopa nini? Watu wanataka ile kali, na wewe unawapa maji ya kuosha sufuria." Nikakuambia unyamaze. Sikukupa sababu, nikataka unitii tu, na ndiyo maana hukunitii. Ulikuwa unaroweka nyuma ya kitanda usiku, najua, nilisikia harufu nikajifanya nimelala. Hata hapo ningeweza kuinuka na kukwambia. Niliona aibu kwako, kwa binti yangu, kuliko nilivyoogopa litakalompata mtu mwingine. Ndivyo nilivyo, Mapendo. Unakwenda kusomea kazi ya kutunza watu na mama uliyenaye ni huyu.

Sikwambii ulichukie danzi. Nisikilize vizuri hapo, usije ukatoka kwenye barua hii na kisu cha kukata kila mti. Chai ya majani yake bado nitakunywa siku nikikosa usingizi. Maganda kidogo, maji yake mawili ya kwanza yakishamwagwa, bado yanatuliza tumbo la mtu mzima asiyemeza kitu kingine, na bibi yako hakuwa mwongo. Alijua kazi yake kuliko nilivyomdhania, hata kama hakuwa na maneno ya daktari. Mimi ndiye niliyechukua nusu ya alichonifundisha, ile nusu iliyonifaa, nikaiita dawa yote. Huko chuoni watakufundisha majina marefu ya vitu hivi. Watakapofika kwenye ganda la danzi, sitaki ukae darasani ukagundua mwenyewe, peke yako, katikati ya watu.

Jumapili iliyopita Akiru alipiga simu. Ulikuwa karibu, ulisikia tukicheka. Hukusikia mwisho wake kwa sababu ulikuwa umetoka. Aliniambia amekutayarishia kitanda, amenunua neti mpya. Halafu akasema na yeye siku hizi kichwa kinamgonga, amekwenda hospitali, wamempa vidonge vile vile vya mzee, karatasi ile ile ya kaki.

"Mtoto akikuja abebe ile maji ya kwanza," akasema. "Ile ya mzee. Mimi pia nataka nguvu."

Na mimi, pamoja na yote niliyokuandikia hapo juu, nilisema sawa. Nikasema sawa, Akiru, atakuletea. Nadhani ndiye aliyekuambia wewe pia, na ndiyo maana ukazifunga zile chupa vizuri hivyo. Ulikuwa unampelekea zawadi. Sikulaumu hata kidogo.

Nilipofika hapo nimeacha kuandika. Nimeweka kalamu, nimempigia. Nakuandikia sasa kama ilivyokuwa, kabla moyo wangu haujaanza kuyapamba.

Alipokea akicheka. "Ejok-nooi! Umeanza kulia kwa sababu ya mtoto?"

Nikamwambia, "Akiru, ile maji usikunywe. Mtoto haileti."

"Hakuna taabu, mama. Ya mzee ilibaki chupa moja. Nilikunywa jana. Na leo asubuhi."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia aache sasa hivi, vidonge asiache, lakini hayo maji aache, na aende hospitali leo leo awaambie amekunywa nini. Akauliza kwa nini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, swali la mzee na jibu langu, kikombe cha jioni, daktari wa Kitale, na mikono yangu aliyoishika mbele ya watu. Nilisema bila kupumua kwa sababu nilijua nikipumua nitaacha. Nilisikia mbuzi wake. Nilisikia mtu akipita na pikipiki mbali.

"Tangu Pasaka unajua?"

"Tangu Pasaka."

"Na mimi nakuita dada."

Nikadhani atakata, lakini akauliza.

"Mtoto anajua?"

"Bado. Namwandikia."

"Basi mwambie leo," akasema. "Aje akijua. Kama hajui, asiingie kwangu." Halafu akasema kitu kwa Kiturkana ambacho sikukielewa, na sauti yake ilikuwa imechoka, inavuta pumzi katikati ya maneno. Simu ikakatika.

Nimepiga tena. Imeita mpaka ikaisha. Nimepiga mara ya tatu na ya nne, haiiti tena. Inawezekana chaji imeisha, unajua kule shambani anachaji kwa jirani. Inawezekana ameizima asinisikie, na ana haki. Inawezekana yuko njiani kwenda hospitali kama nilivyomwomba. Mwanawe yuko Lowarengak, ziwani, kwenye kazi ya samaki, nimempigia, hapatikani. Majirani zake sina namba zao. Nimekwenda mpaka kwenye ofisi ya vibali nikakuta wamefunga, na hata kama wangekuwepo, unajua kibali kinachukua siku ngapi.

Kwa hiyo nimebadilisha nilichokuwa nimepanga. Barua hii nilitaka uikute ndani ya begi ukiwa umeshafika. Huo ungekuwa woga mwingine. Utarudi kutoka kanisani sasa hivi labda na soda walizokupa, nitakukalisha hapa kitandani, nitakupa uisome mbele yangu. Unaweza kunipigia kelele. Unaweza kusema huendi, hutaki kulala kwenye nyumba ya mwanamke ambaye mama yako amemwua mume wake, na sitakuambia neno. Unaweza pia usiniite mama kwa muda, nitaitika kwa jina lolote.

Lakini nikuombe kitu kimoja, na sikuombi kwa ajili yangu. Usisubiri gari la kesho. Kuna lori linaondoka jioni hii, nimeshaongea na dereva, amekuwekea nafasi mbele. Ukifika usianze na salamu wala na begi. Mtafute alipo. Kama anasimama, mpeleke hospitali hata kama anakutukana njia nzima, na uwaambie pale, kwa jina langu, alikunywa nini na nani alimpa. Kama hasimami, piga kelele watu waje.

Mimi sina kibali cha kutoka humu, mwanangu. Wewe unacho.

Mama yako